Nani Alipe Dawa? Historia Fupi ya Fedha za Matibabu katika Nchi ya Pamba

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wamekwisha kuandika habari za pamba, maghala, mbegu na mashine. Sisi tulio katika kazi ya uandishi wa Chama tumepewa kuandika habari za jambo ambalo halikutajwa hata mara moja katika masharti yetu ya kwanza, lakini ambalo limechukua saa nyingi za mikutano yetu mikuu kuliko bei ya dawa za kunyunyizia pamba: yaani fedha za matibabu.

Swali lenyewe ni fupi. Mkulima au mvuvi wa pwani ya Ziwa auguapo, ni nani alipe? Je, alipe mwenyewe kutoka katika akiba aliyojiwekea, akiba ambayo serikali isiiguse kwa kodi wala kwa ushuru? Au kila mtu atoe kidogo katika mfuko mmoja, na anayeugua ndiye atibiwe? Au serikali imtibu bure kwa fedha za kodi ya wote? Kila jibu katika hayo matatu lina watetezi wake miongoni mwa wanachama wetu, nao ni watu wenye akili na nia njema. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hakuna hata jibu moja ambalo ni geni. Yote matatu yamekwisha kujaribiwa katika nchi hii, tena machoni pa baba zetu. Ndiyo sababu tumeona ni vyema kuieleza historia kabla ya kueleza uamuzi.

ZAMANI ZA WAZEE

Kabla ya hospitali, Msukuma hakuwa bila akiba. Akiba yake ilisimama zizini na kula majani. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa chakula cha mwaka wa njaa, na alikuwa ada ya mganga. Mtu akiugua sana, mnyama alitolewa. Tena juu ya akiba hiyo ya mtu mmoja kulikuwa na mfuko wa pamoja usiokuwa na sanduku: vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, walikwenda kulima shamba kwa pamoja, na nyumba yenye mgonjwa haikuachwa na magugu. Hakuna aliyeandika deni hilo katika kitabu, lakini kila mtu alilikumbuka.

Mpango huo ulikuwa na nguvu, nao ulikuwa na udhaifu. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iitwayo sotoka ilipita Afrika Mashariki yote, na Usukuma haukuponea. Mazizi yalibaki matupu, na njaa na maradhi vikafuata. Basi watu walijifunza kwa uchungu kwamba akiba ya kila mtu yaweza kufa siku moja na akiba ya jirani yake, tena siku ile ile ambayo wote wanaihitaji. Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

DAWA YA SERIKALI

Wajerumani walifungua kituo chao Mwanza mwaka 1892. Dawa ya serikali ilipofika pwani yetu haikuja kwa sababu ya huruma peke yake. Ililetwa na hofu ya maradhi yanayoenea. Malale yalikuwa yameua watu wengi sana upande wa kaskazini wa Ziwa, na mwaka 1906 daktari mashuhuri Robert Koch alifika Mwanza kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese huko Uganda ili kuuchunguza ugonjwa huo. Hakuna aliyemwuliza mvuvi wa siku zile kama ana fedha. Mbung'o hachagui tajiri na maskini, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Ndivyo ilivyo hata leo kwa kipindupindu, na kwa kichocho ambacho watoto wetu hukipata majini. Wataalamu wamekuwa wakichunguza maradhi ya namna hiyo hapa hapa Mwanza tangu mwaka 1949.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza. Kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, sehemu ya kodi ilibaki katika hazina za machifu, na kutoka katika hazina hizo walilipwa waganga wasaidizi wa dispensari ndogo ndogo za vijijini. Kadhalika wamisionari walijenga hospitali zao, kama ile ya Kolandoto karibu na Shinyanga, ya Sumve katika Kwimba, na ya Sengerema iliyofunguliwa mwaka 1959. Pamba ilipozidi kuenea, ushuru wa pamba nao uliingia katika hazina za wenyeji. Hivyo uhusiano wa gunia la pamba na chupa ya dawa si jambo la jana. Mkulima aliyepima pamba yake alikuwa amekwisha kulipa sehemu ya dispensari, ajue asijue.

Na hapo ndipo ushirika ulipozaliwa, penye mizani. Wakulima wa Jimbo la Ziwa waliona kwamba uzito uliosomwa na mnunuzi haukuwa uzito wa pamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaweka watu wao wa kutazama mizani, wakajiunga chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya pamba ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Hawakuanza kwa kudai bei kubwa. Walianza kwa kudai kuona kipimo.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, nchi yenye watu wapatao milioni 9 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 1964 ilitolewa taarifa kubwa juu ya huduma za afya za Tanganyika, iliyotungwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza na wenzake. Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada yake serikali ikashika njia iliyo wazi: matibabu yawe haki ya kila mwananchi, na vijiji vitangulie. Katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilijengwa mahali ambapo zamani mgonjwa alibebwa kwa machela siku nzima. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha mji wetu, ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na serikali. Mwaka 1977 sheria ilikataza matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida.

Si haki kuidharau kazi ya miaka ile. Wako wanachama wetu wengi, wenye wajukuu sasa, ambao walichanjwa na kutibiwa bila baba zao kutoa hata senti moja mlangoni. Lakini si haki pia kuficha yaliyofuata. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Bei ya mafuta ilipanda, vita ya kumwondoa Idi Amin ya 1978 hadi 1979 iligharimu fedha nyingi, na fedha za kigeni zikaadimika. Zahanati ilibaki na mganga na kuta, ila rafu zikawa tupu. Hata ulipoanza, mwaka 1984 au karibu nayo, mpango wa kupeleka makasha ya dawa muhimu vijijini kwa msaada wa nchi marafiki, mara nyingi kasha lilikwisha kabla ya mwezi. Mwaka 1985 Bugando ilirudishwa mikononi mwa Kanisa kwa mapatano na serikali. Basi wananchi wakajifunza somo la pili: dawa ya bure isiyokuwapo ni ghali kuliko dawa ya kununua, kwa maana mgonjwa hulipa nauli kuifuata, hukosa, kisha huinunua dukani.

MIAKA YA KUCHANGIA

Mwaka 1991 serikali iliruhusu tena matibabu ya kibinafsi. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali kubwa za serikali, kisha ukashuka hatua kwa hatua katika hospitali za mikoa na wilaya. Akina mama wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wagonjwa wa kifua kikuu, na watu wasiojiweza walisamehewa kwa sheria. Lakini yeyote aliyekaa benchi la hospitali ajua kwamba msamaha ulioandikwa ukutani na msamaha unaotolewa dirishani ni mambo mawili.

Hapo likatokea jambo ambalo wataalamu wa mijini hawakulipa uzito wa kutosha. Mfanyakazi ana mwezi. Mkulima ana msimu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kuanza kazi mwaka 2001, ulichukua asilimia 3 ya mshahara wa mtumishi wa serikali na asilimia 3 nyingine kutoka kwa mwajiri. Fedha zilikatwa kila mwezi kabla hazijafika mkononi. Mkulima wa Magu, Kwimba au Misungwi hukatwa na nani? Pamba huuzwa kuanzia katikati ya mwaka. Malaria huzidi wakati wa mvua, na wakati huo fedha za pamba zimekwisha kwenda katika ada ya shule, mabati na madeni.

Kwa ajili ya watu wa namna yetu ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulijaribiwa kwanza mwaka 1996 katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, kwa jirani zetu walimao pamba kama sisi. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Ndiyo iliyoitwa tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001, nao ukaenea wilaya nyingi. Lakini waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa. Kadi ilifaa katika wilaya ya mwenye kadi tu; mara nyingi mwenye kadi aliandikiwa dawa akanunue nje; na watu wengi walingoja mpaka waugue ndipo wajiunge. Mfuko unaojazwa na wagonjwa peke yao ni kama mtumbwi unaojazwa na watu wasiojua kupiga kasia.

Mwaka 2018 mfuko huo ulitengenezwa upya kwa ngazi ya mkoa. Katika mikoa mingi kaya ya watu 6 ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikakubaliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa kufuata rufaa. Katika miaka hiyo hiyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwafungulia mlango wakulima kupitia vyama vyao, kwa mpango ulioitwa Ushirika Afya, ambao mtu mzima mmoja alichangia shilingi 76,800 kwa mwaka. Hapo ndipo jambo la matibabu lilipoingia rasmi katika ajenda za vyama vya msingi, na ndipo mjadala wetu ulipowaka.

HOJA YA AKIBA ISIYOTOZWA

Tuieleze hoja ya akiba kwa haki, kwa kuwa waliyoileta hawakuwa wapinzani wa ushirika. Walikuwa hasa vijana waliosoma, na wanachama wenye maduka na mitumbwi ya dagaa. Walisema hivi: "Kwa nini tutoe fedha zetu katika mfuko wa watu wote, na mwaka ukipita bila kuugua zisirudi? Kila mwanachama afunguliwe hesabu yake ya matibabu katika chama chetu cha akiba na mikopo. Fedha zibaki jina lake, zizae, zirithiwe na watoto wake. Na serikali ikitaka kututia moyo, fedha hizo zisikatwe kodi wala ushuru."

Wakatoa mfano wa nchi za mbali. Nchini Marekani sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush mwezi Desemba 2003 iliruhusu, kuanzia 2004, hesabu za akiba ya afya ambazo fedha zake hazitozwi kodi ziingiapo, zizaapo, wala zitolewapo kwa matibabu. Nchini Singapore akiba ya namna hiyo, iitwayo Medisave, ilianza mwaka 1984, na kila mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili yake. Watetezi walisema, nao walisema kweli, kwamba mtu hutumia fedha yake kwa uangalifu kuliko fedha ya mfuko. Na kwamba mwenye fedha mkononi hafungwi na zahanati moja yenye rafu tupu.

Wazee wa kamati hawakuikataa hoja hiyo kwa dharau. Waliomba ichunguzwe, na uchunguzi ukatuonyesha mambo manne.

La kwanza ni kwamba hata katika nchi hizo akiba haikuachwa isimame peke yake. Huko Marekani, mwenye hesabu hiyo sharti awe pia na bima ya matibabu makubwa. Akiba hulipa gharama za mwanzo, na bima hubeba mzigo uliobaki. Singapore nayo ilianza na akiba mwaka 1984, ikalazimika kuongeza bima ya maradhi makubwa mwaka 1990, ikaongeza mfuko wa maskini mwaka 1993, na mwaka 2015 ikaifanya bima hiyo kuwa ya lazima kwa wote. Nchi iliyokwenda mbali kuliko zote katika njia ya akiba iliishia kushika vyombo vyote vitatu.

La pili ni hesabu ya kodi yenyewe. Msamaha wa kodi humfaa anayelipa kodi kubwa. Mshahara mkubwa hupata msamaha mkubwa, mshahara mdogo mdogo, na asiye na mshahara hapati kitu. Mkulima wetu halipi kodi ya mshahara, na kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliijua kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kinachomgusa ni ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini kila mkulima ajua kuwa hutoka katika bei. Basi tukapiga hesabu ubaoni, mbele ya mkutano. Mwanachama aliyeuza pamba ya shilingi 1,000,000 ushuru wake ni shilingi 30,000. Hiyo ilikuwa sawasawa na mchango wa kaya nzima katika Mfuko wa Afya ya Jamii wa mwaka 2018! Mkutano ukanyamaza. Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo hatutalisahau: "Tukiiomba halmashauri isamehe ushuru huo, zahanati itapakwa chokaa na nani?" Jibu lilikuwa gumu kwa pande zote mbili, kwa sababu kijana mmoja alisimama papo hapo akamwuliza mzee: "Na sasa inapakwa na nani?"

La tatu ni mwendo wa pamba. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo; bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikopesha pamba yao kwa miezi bila kulipwa. Mwaka 2020 bei dira ilishuka hadi shilingi 810. Shilingi 30,000 zilizokuwa kilo 25 za pamba zikawa kilo 37. Katika msimu kama huo hesabu ya akiba ya kila mwanachama hukauka mwezi mmoja na ya jirani yake, kama mazizi yalivyokauka wakati wa sotoka. Akiba ya mtu mmoja haimkingi na mwaka mbaya wa watu wote.

La nne lilisemwa na akina mama, na kwa maoni yetu ndilo lililogeuza mkutano. Mwanamke mmoja kutoka chama cha msingi cha kando ya Ziwa alisema hivi: "Hesabu hiyo itaandikwa jina la nani? Pamba hulimwa na mikono minne lakini hupokewa na mkono mmoja. Mtoto akishikwa na degedege usiku, na baba yuko kambini visiwani anavua dagaa, mimi nitakwenda na sahihi ya nani?" Kadi ya kaya, alisema, ina majina ya watu 6, na yeyote aliye nyumbani huichukua. Hakuna mtaalamu wa nje aliyetuambia neno hilo, wala halikuwa katika karatasi tulizosoma.

Hata hivyo watetezi wa mfuko nao hawakuondoka bila kuulizwa. Mwanachama mmoja alikuwa amelipa mchango misimu mitatu bila kukosa. Mkewe alipohitaji upasuaji mkubwa alipelekwa juu ya ngazi ya mkoa, na hapo kadi ikakoma. Aliuza ng'ombe wawili. Mwingine, ambaye hakuwa na kadi lakini alikuwa na akiba nzuri, akiba yake ilikwisha katika wiki ya pili ya kulazwa, akamalizia kwa mkopo. Wote wawili walisimama katika mkutano mmoja, kila mmoja akiutaja msiba wake kuwa ushahidi dhidi ya njia ya mwenzake. Tulipowasikiliza tuliona kwamba wameumizwa na kitu kimoja: ugonjwa mkubwa kuliko chombo walichokuwa nacho.

YALIYOAMULIWA

Mkutano mkuu haukuamua kwa sauti moja, wala hatutaki kuandika hapa kwamba uliamua hivyo. Kura zilipigwa, na wengi wakakubaliana na mambo haya.

Kwamba ugonjwa mdogo, nauli ya kwenda zahanati, na dawa za siku mbili tatu ni kazi ya akiba ya mtu. Kwa hiyo kila mwanachama anayetaka huwekewa katika chama cha akiba na mikopo fungu la matibabu lisilokopesheka, na mwenzi wake wa ndoa huandikwa kuwa mtu wa kutoa fedha hizo.

Kwamba ugonjwa mkubwa wa mtu mmoja ni kazi ya mfuko wa pamoja. Kwa hiyo mchango wa bima hukatwa wakati wa malipo ya pamba, mara moja kwa msimu, kwa idhini iliyotiwa sahihi na mwanachama. Wala hakatwi mtu bila sahihi yake. Anayetaka bima iliyo pana zaidi kuliko ya kaya husaidiwa kujiunga nayo.

Kwamba maradhi yanayoenea, chanjo, uzazi, na matibabu ya asiye na kitu kabisa ni kazi ya serikali, kwa fedha za kodi na ushuru. Kwa hiyo Chama hakikuomba msamaha wa ushuru. Kiliomba kitu kingine: kwamba mapato ya ushuru wa pamba na fedha za zahanati yasomwe hadharani kila robo ya mwaka, na idadi ya dawa zilizopokelewa ibandikwe ukutani palipo na macho ya watu.

Ombi hili la mwisho lilipata kura nyingi kuliko yote, hata kutoka kwa wale waliotaka akiba peke yake. Nasi twaona sababu yake ni ya kale. Mkulima wa mwaka 1952 hakukataa kuuza pamba. Alikataa mizani asiyoiona. Mkulima wa leo hakatai kuchangia. Hukataa mfuko ambao hajui kilichoingia na kilichotoka. Wale waliotoka katika mfuko wa Igunga na wilaya nyingine miaka ile hawakutoka kwa kuwa shilingi 5,000 ziliwashinda wote. Wengi walitoka kwa kuwa walitoa fedha na hawakuona dawa.

Vyama vya msingi vichache havikukubali makato, navyo vingali wanachama wetu wenye heshima kamili. Hiari ni nguzo ya ushirika, na penye hiari hapakosi watu wa kusema hapana.

NENO LA MWISHO KWA WANACHAMA

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake ulikuwa umeletwa mwaka 2022 ukarudishwa, na moja ya maswali makubwa lilikuwa lile lile la mikutano yetu: fedha za wasio na uwezo zitoke wapi? Sheria ilijibu kwa kutaja vyanzo maalum, pamoja na sehemu ya ushuru wa bidhaa kama vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Hivyo taifa zima limeingia katika mjadala ambao vijiji vya pamba vimekuwa nao kwa miaka mingi.

Isidhaniwe kwamba sheria hiyo imetuondolea kazi. Wajerumani walitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, lakini iliendeshwa kwa vyama na mifuko ya wafanyakazi wenyewe. Waingereza walianzisha matibabu ya serikali kwa wote mwaka 1948, lakini kabla ya hapo vyama vya kusaidiana vilikuwa vimekwisha kuwafundisha watu wa kawaida kuchanga, kuandika na kukagua. Sheria yaweza kumlazimisha mtu kulipa. Haiwezi kumfanya aamini. Imani hujengwa na katibu anayesoma hesabu, mjumbe wa kamati ya zahanati anayehesabu makasha, na mwanachama anayeuliza swali bila woga.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wetu mambo matatu katika miaka 10 ijayo. Wasingoje ugonjwa ndipo wajiunge. Wachague katika kamati za zahanati watu wanaojua kusoma kitabu cha stoo, wanawake kwa wanaume. Na kila msimu, pamba ikipimwa, wakumbuke kwamba ndani ya gunia lile kuna ushuru uliokwisha kulipwa kwa ajili ya afya yao. Basi waende wakauulize umefanya nini. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba kibaba kilichojaa ni lazima kitazamwe, kwa maana chenye tundu hakijai hata kikichangiwa na nchi nzima.